Mshindani Wangu Amebakiwa na Neno Moja

Kwa miaka mingi wasomaji wa ukurasa wa mashairi waliamini kwamba mimi na mshairi mwenzangu, ambaye hapa nitamwita Mwalimu, hatusalimiani. Nilipokaribia kustaafu bandarini, mzee mmoja wa Pangani aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli tuliwahi kushikana mashati nje ya msikiti. Nikamwambia la. Sikumwambia kwamba kashata nilizozishika mkononi nilikuwa nazipeleka kwa Mwalimu huyohuyo, Ngamiani, na kwamba jioni ile tungekaa barazani kwake mpaka kahawa iishe birikani. Utamu wa malumbano, washairi kujibizana kwa tungo gazetini, ni msomaji asijue hayo.

Yeye alifundisha shule ya msingi. Mimi nilikuwa karani bandarini Tanga, kazi ya kuhesabu marobota ya mkonge na kugombana na makuli. Gazetini kila mmoja alikuwa na lakabu yake. Yeye alijiita kwa jina la samaki, mimi kwa jina la ndege, na kwa sababu hiyo tu hoja hazikutuishia. Mashairi tuliyapeleka kwa posta Dar es Salaam, kila mtu bahasha yake, na mara nyingi tulikutana dirishani tukinunua stempu. Anaifunika bahasha yake kwa kiganja nisisome anuani, kana kwamba sijui inakwenda wapi.

Mtu aliyekulia Tanga hawezi kushangaa mambo haya. Mji wetu ulilelewa na ushindani. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipokuwa vikitunishiana misuli kwa taarabu, watu walichagua upande kama wanavyochagua timu, na nyimbo zilijibizana. Kabla ya hapo kulikuwa na Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, ambalo Shaaban Robert mwenyewe alikuwa akipeleka tungo zake humo. Sisi tulikuja mwishoni mwa foleni hiyo ndefu, na kwa kweli hatukuwa mabingwa. Tulikuwa wawili tu tusiokubali kunyamaza.

Shairi lililotuunganisha kwa ugomvi lilikuwa lake. Ubeti wa kwanza ninaujua kwa moyo:

Nauliza waungwana, wajuzi wa barazani,
Chambo pia na ndoana, vilipotoswa majini,
Samaki alipoona, akameza kwa imani,
Haki yake ni ya nani, ya chambo au ndoana?

Nilijibu upande wa chambo. Yeye akashika ndoana. Baada ya wiki chache wakaingia watu wa Lindi, wa Pemba, wa Mombasa. Mmoja akasema haki ni ya mshipi, mwingine akamtetea samaki, na mwanamke mmoja wa Bagamoyo akatushinda sote kwa kuuliza nani atakayempara. Mhariri angefurahi tuendelee mpaka Kiyama. Na sisi tulikuwa tukijua, bila kuambiana, kwamba ndoana na chambo vilikwishasahauliwa siku nyingi. Kilichobaki ni mimi na yeye, nani atamfanya mwenziwe akose usingizi kwa kutafuta kina.

Namna malumbano yanavyofanya kazi ni hii. Unampiga mtu kwa fumbo. Akilalamika, unamwambia: mbona mimi nimesema habari za samaki, wewe umejionaje humo? Jirani anayevaa kanga yenye maneno makali na kupita mbele ya mlango wa mwenziwe anatumia kinga hiyohiyo. Fumbo linamwachia kila mtu mlango wa nyuma: aliyerusha anaweza kukana, aliyepigwa anaweza kujifanya hakuelewa, na kesho wote wawili wakaazimana chumvi. Nimesikia vijana wakisema fumbo ni woga. Sikubaliani nao. Fumbo ni adabu ya watu ambao lazima waendelee kuishi mtaa mmoja.

Lakini adabu hiyo ina mpaka, na Mwalimu aliuvuka.

Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Kwa mtu wa pwani hilo si jambo la kuzungumza na kila mtu. Nilizungumza na Mwalimu, usiku mmoja, baada ya safari zetu za hospitali kutoleta kitu, na yeye alinisikiliza vizuri sana. Miezi kadhaa baadaye lilitoka shairi lake la kunijibu. Ubeti wa tano ulimtaja mkulima asifuye jembe lake mbele za watu ilhali shambani kwake halijapata kuota hata bua. Vina vimekaa, mizani, ile hesabu ya silabi, imetimia. Nadhani ndio ubeti bora aliowahi kuuandika. Nchi nzima ilisoma habari za jembe. Walioelewa tulikuwa watatu, na wa tatu alikuwa mke wangu, aliyelisoma gazeti akiwa amesimama jikoni, akalikunja, akawashia jiko.

Siku hizo nilikuwa nikimfikiria sana Muyaka bin Haji wa Mombasa. Yeye na Zahidi Mgumi wa Lamu walirushiana tungo wakati miji yao ikinuniana, kila mmoja akiusifu upande wake na kuudhihaki wa mwenziwe, na tungo za Muyaka tunazisoma mpaka leo kwa raha. Halafu, takriban mwaka 1812, majahazi yakang'oa nanga. Mombasa na Pate wakaenda kuipiga Lamu, na pale Shela, kisiwani Lamu, wakapata kipigo ambacho kilizipunguza nguvu Pate na Mombasa kwa pamoja. Wanaofundisha ushairi husema malumbano ni mbadala wa vita, watu wanamwaga wino badala ya damu. Yaweza kuwa. Kwa Muyaka wino ulitangulia tu. Nilikuwa nikijiuliza maneno yanapofika ukomo wake yanakwenda wapi, na jibu lililonijia kila mara lilikuwa ngumi.

Sikumpiga. Sikumjibu pia, si kwa shairi wala kwa mdomo. Wasomaji waliandika kuuliza ndege amekwama wapi. Barazani kwake sikwenda tena. Nikawa nanunua kahawa Barabara ya Kumi na Tano, mbali na njia yake, kahawa mbaya inayonuka moshi.

Mtu angetegemea aniombe radhi kwa shairi, na nasikia aliliandika, akalichana. Alifanya vizuri. Radhi ni kitu ambacho fumbo haliwezi kukibeba. Ukimwomba mtu radhi kwa habari za samaki na jembe, umejiachia ule mlango wa nyuma wa kukana, na radhi yenye mlango wa nyuma haina thamani. Tena mtu ambaye kalamu yake ndiyo iliyokuumiza akikujia na kalamu ileile, utasema anataka sifa.

Baba yangu alifariki mwaka uliofuata. Maziko ya alasiri, joto, watu wengi. Tulipofika makaburini, ndugu zangu wawili wakashuka ndani ya kaburi kumpokea, na wa tatu akawa anatafutwa. Mwalimu alivua viatu, akapandisha kanzu, akashuka. Hakuniangalia. Walimpokea baba, wakamlaza, akapanga mbao pamoja nao, akatoka na udongo mpaka kwenye ndevu. Hitima ilipokwisha alikaa mwisho wa jamvi kama mgeni, akala, akaosha mikono, akaondoka. Mke wangu, aliyekuwa ndani na wanawake, aliambiwa na mtu nani alishuka. Usiku akaniambia, "Kesho mpelekee mwenzio kashata." Basi. Jambo la shamba halikutajwa tena kati yangu na Mwalimu, na mpaka leo sijui angesema nini kama ningeuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikwishajibiwa.

Tulirudi kulumbana. Watu wakasema ndege amepona mbawa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila ya hayo yanayofuata yataonekana ukatili.

Mwalimu alipatwa na kiharusi asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukaenda upande, na ulimi ukakataa. Jamaa zake walisema ni upepo, wakampeleka kwanza kwa mganga. Saa zilizopotea huko ndizo zilizokuwa na thamani kuliko dawa zote zilizokuja baadaye. Nalisema hili kila ninapopata nafasi: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigoma, ni mshipa wa damu umeziba au umepasuka ubongoni. Hospitali, na kwa haraka. Upepo utasubiri.

Aliporudi nyumbani alikuwa na neno moja. Neno lenyewe ni "lakini". Mtu aliyebishana maisha yake yote kaachiwa hilo! Akitaka maji, lakini. Akiumwa mguu, lakini. Wajukuu wakimfurahisha, lakini, kwa sauti ya kupanda. Siku ya kwanza nilitoka nje nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko.

Mpwa wangu ni muuguzi, naye ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia kwamba kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo maana kalamu na ulimi vilimwondoka siku moja. Akanisimulia habari za daktari Paul Broca wa Paris, ambaye mwaka 1861 alieleza juu ya mgonjwa aliyekuwa akijibu kila swali kwa "tan" na si zaidi, ingawa alionekana kuelewa anachoambiwa. Jambo lililonishika ni hilo la kuelewa. Maneno hayatoki, lakini mwenyewe yumo ndani, anasikia. Akaongeza kwamba mara nyingi vitu vilivyokaririwa tangu utotoni, kama sala, kuhesabu na nyimbo, vinabaki, kwa sababu havipiti njia ileile ya mazungumzo. Na kweli, Mwalimu asiyeweza kusema "chai" alikuwa akiisoma Fatiha kutoka mwanzo hadi amina bila kukwama. Tulipomwambia aisome tena, taratibu, neno moja moja, ilimpotea.

Nilijaribu mashairi. Nikamwimbia ule ubeti wa ndoana kwa mahadhi yake ya zamani, nikaacha kibwagizo. Alifungua mdomo, akaingia nacho chote: haki yake ni ya nani, ya chambo au ndoana. Mkewe akapiga vigelegele. Tukajaribu siku nyingine ikatoka nusu. Nyingine haikutoka. Niliacha, maana niliona usoni kwake kwamba tunamfanya kasuku.

Wageni walikuja kwa wingi, na ugonjwa una adabu zake: pole, Mungu atajaalia, umependeza leo. Kisha wanamgeukia mkewe. Anakula? Analala? Anatambua watu? Yeye amekaa pale katikati, anasikia yote. Sina lawama, hata mimi wiki za mwanzo niliongea naye kwa sauti kubwa kama mtu aongeaye na kiziwi. Pole ni neno zuri, lakini limetengenezwa kwa mtu anayeweza kujibu "nishapoa". Ukimpa asiyeweza kujibu, linabaki mikononi mwako, hujui pa kuliweka, basi unatoa jingine, na jingine.

Bao ndilo lililotuokoa na pole. Kijana wa jirani alilileta akaliweka barazani, na watu wakawa wanacheza mbele yake ili achangamke. Wakamkaribisha. Tatizo la kwanza lilikuwa mkono. Kulia kumekufa, na Mwalimu ni mtu aliyewachapa watoto wa shule kwa kupokea daftari kwa kushoto. Alikaa akiutazama mkono wake wa kushoto juu ya kete kama kitu cha aibu. Mzee mmoja wa pale, mtu wa mkato, akamwambia, "Sheikh, kwani unatulisha? Cheza." Akacheza.

Wakawa wanamwachia ashinde. Bao lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na mchezaji hawezi kuficha anachokifikiri: kila kete iko nje, inaonekana. Kwa hiyo mtu akikuachia makusudi unajua. Siku moja jirani yake aliiacha nyumba yake, lile shimo kuu la mchezaji, iliwe, nyumba imenona, na alikuwa na njia tatu za kuikinga. Mwalimu aliliangalia bao, akamwangalia jirani, akalifagia lote kwa kushoto, kete zikatawanyika mpaka barabarani. "Lakini!" Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Watu wakasema ugonjwa umemharibu hasira.

Mimi niliona hasira ileile ya zamani, nzima, haijapungua hata kidogo. Mtu huyu alikuwa hapendi kusifiwa shairi ambalo yeye mwenyewe analijua ni bovu. Sasa mji mzima umekubaliana kumsifu kwa kuvuta pumzi.

Kesho yake nilikaa mbele yake. Tukapanga: sita kwenye nyumba, mbili, mbili, ishirini na mbili mkononi. Sikumhurumia. Nilimla kushoto, nikamla kulia, nikaibomoa nyumba yake kabla hajaitumia, na mstari wake wa mbele ukabaki mtupu ilhali kete za kuingiza bado anazo. Kushindwa huko ndiko kunakoitwa mkononi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, mgonjwa huyu!" alisema, na kwa kweli aliudhika, kwa siku kadhaa kahawa yangu ililetwa na mtoto. Mwalimu alikuwa akicheka. Mdomo umepinda, kicheko kinatokea upande mmoja, mabega yanatikisika. Kisha akaanza kupanga kete upya, moja moja, kwa mkono usiozoea, na aliponiona nanyosha mkono kumsaidia alinipiga kofi la vidole.

Nimefikiri sana kwa nini ilikuwa hivyo, na sidhani kwamba mimi nilikuwa mwema kuliko wale wengine. Wao walikuwa marafiki zake, na rafiki akikuta mwenziwe kaanguka anainama. Mimi nilikuwa rafiki na mshindani, na mshindani ana haja na mwenziwe. Nilikuwa sina mtu wa kunikosesha usingizi. Niliwajaribu vijana wawili watatu gazetini. Wanatunga vizuri, lakini hawajui ni wapi panaponiuma, kwa hiyo hawajui pa kupakwepa pia. Nilimtaka Mwalimu arudi kwa ajili yangu, na nadhani aliiona tamaa hiyo ikamfaa kuliko huruma.

Sasa ananifunga. Si kila mara, ila inatosha kuniudhi. Anahesabu mbali kuliko mimi, na kwa kuwa hazungumzi hana cha kumtoa kwenye hesabu yake, ilhali mimi napayuka.

Kulikuwa na deni moja limebaki. Shairi lake la mwisho kabla ya ugonjwa lilikuwa limetoka, na mimi sikuwa nimelijibu. Niliandika jibu, nikarudi kulekule kwenye chambo na ndoana. Ila nilitaka kujua jambo moja ambalo bao halikuweza kuniambia: kama yule mwalimu wa mizani bado yupo mle ndani, au amebaki mcheza bao tu. Kwa hiyo katika ubeti wa pili niliuharibu mshororo makusudi, nikaweka kasoro ambayo mtu asiyetunga asingeisikia:

Ndoana haina jina, pasi chambo majini.

Nikaenda nikamsomea barazani, kwa sauti ya kawaida, bila kusita. Alifumba macho. Vidole vya kushoto vilikuwa vinagonga paja, kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akifanya tangu tulipokuwa vijana. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili, mshororo ule ulipofika, vidole vikasimama hewani. Akafumbua macho.

"Lakini."

Nikajifanya sielewi, nikausoma tena. Akagonga ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo: nane. Akagonga utao, kipande cha pili: saba. Akanionyesha vidole saba, akiviinua kwa mafungu kwa kuwa mkono ni mmoja, tano, kisha viwili, na uso wake ulikuwa na dharau ambayo sikuiona tangu siku nyingi. Nikatoa kalamu, nikafuta, nikaandika baharini badala ya majini. Akagonga tena. Nane. Akakubali kwa kichwa, akanipa ishara niendelee.

Shairi hilo sijalipeleka gazetini. Ananizuia kwenye ubeti wa nne. Nimebadilisha kina, nimebadilisha mshororo mzima, nimemsomea kwa mahadhi na bila mahadhi, na kila tukifika pale vidole vinatulia na neno lake linatoka. Mizani imetimia, nimehesabu. Mkewe anasema pengine ana njaa. Mimi nadhani anachokataa ni hoja yenyewe: bado ameshika ndoana.